Kifuko cha Marehemu Kombo

Kipupwe kilipowafukuza uwanjani, marafiki walifunga wavu ghalani, wakaendelea kurushiana kifuko kwa miguu. Marehemu Kombo ndiye aliyekishona, na hakuwahi kuwaambia alikijaza mbegu gani. Baridi ilikikakamaza, basi kila jioni walikilowesha kilainike.

Leo Mwanaidi aliinua mguu aanzishe mchezo, kisha akaushusha.

"Piga, bibie, tunaganda!" Shekue alipaza sauti ng'ambo ya wavu.

"Hebu njoo uone."

Kwenye mshono kilichungulia kichipukizi cha kijani.

"Mmea gani huo?"

"Nitajuaje? Kombo kaondoka na siri yake."

Mwanaidi alikipakata viganjani, akaelekea mlangoni kwenye mwanga. Timu zote mbili zilimfuata polepole, kama siku ile ya maziko, ila leo kila mmoja alinyoosha shingo aone.