Mguu wa Kulia

Kiatu cha kulia cha dada yake kiliisha soli kila baada ya miezi mitatu. Cha kushoto, kilichozoea kukaa juu ya kigoda cha mpiga gitaa, hakikuwahi kuonana na fundi.

"Unapiga gitaa au unatwanga?" kaka mtu alifoka asubuhi aliyomfukuza, akikitupa kiatu chenyewe mlangoni mwa chumba cha mazoezi.

Miaka ishirini na sita walikuwa wamepiga pamoja, magitaa mawili, kwenye kumbi ambazo hata kukohoa ni aibu. Hii sita ya mwisho dada amegeuka kituko. Mguu unagonga mbao mpaka jukwaa linatikisika. Kichwa kinapanda na kushuka kama cha mjusi ukutani. Kabla ya kuanza anavuta pumzi kwa mabega, utadhani anapiga mbizi. Kipande kikiisha anamgusa kaka yake goti, mbele za watu. Na kwenye nyuzi zenyewe, hamna kitu! Anazipapasa kama anaogopa kuziamsha.

Kaka yeye alipiga ametulia, kidevu kimelala kwenye ubavu wa gitaa, jicho likimkodolea dada kwa karaha. Magazeti yaliandika kwamba kile kidevu ni mahaba.

"Kaka, ngoja basi Jumamosi ipite."

"Unanong'ona nini? Kama una neno, liseme kama mtu mzima."

Dada akamzungukia mbele, akarudia, mdomo wazi.

"Jumamosi ndiyo hasa! Redio inarekodi. Sitaki mchi kwenye rekodi yangu."

"Na nyuzi zako atakulinganishia nani?"

"Huyo mpya hana mikono?"

Dada akaokota kiatu. Pale mlangoni alisema neno, mgongo umegeuka. Kaka hakuhangaika kumjibu.

Hakuwa na subira na dunia, bwana yule. Watu wa siku hizi wanamung'unya maneno kama wamebana pipi shavuni. Wasikilizaji wanapiga makofi kama wamevaa soksi mikononi. Bawabu wa ukumbi, hodari wa kufungua kinywa na kutotoa kitu.

Mchana akaja huyo mpya, mwalimu wa chuo cha muziki, mama wa makamo. Akalinganisha magitaa yote mawili bila kuombwa. Akaketi wima, miguu kama imepigiliwa misumari, uso kama wa picha ya pasipoti. Kaka alimtazama akaridhika mpaka rohoni. Huyu sasa ndiye mwanamuziki! Ule mchi ukatwange kwingine.

"Ukurasa wa kwanza ni wako peke yako," alimwambia. "Mimi naingia wa pili."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, mara moja tu.

Kaka akalaza kidevu kwenye gitaa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita akapiga akiwa amefumba macho; au tuseme, akasubiri kupiga. Kimya kilikuwa safi. Hakuna mguu, hakuna pumzi. Akasubiri. Akasubiri tena, mpaka karaha yake ya zamani ikaanza kumpanda. Kumbe na huyu ni walewale.

"Anza basi, mwalimu! Au unangoja upigiwe filimbi?"

Alipofumbua macho, vidole vya mwalimu vilikuwa vikikimbia juu ya nyuzi, na ukurasa wa kwanza ulikwisha kugeuzwa zamani.