Mkwaruzo wa Baba

Tuliporudi nyumbani kutoka kumzika baba, binti yangu aliuweka kwenye simu ule wimbo wa roki ambao babu yake aliupenda tangu miaka ya sabini.

"Huo si wenyewe," mama alisema.

Santuri ya baba ilikuwa na mkwaruzo. Kwenye kiitikio sindano ilikuwa ikikwama, na neno moja likijirudia mpaka baba agonge meza kwa kifundo cha kidole, sindano iruke na wimbo uendelee.

Tukaimba hivyo hivyo. Tulipofika pale tukakwama sote, mimi, kaka na binti yangu, tukirudia neno lile lile. Simu ikaendelea bila sisi.

Tukabaki tunarudia, sauti zikianza kukatika.

Mama akakunja kidole, akagonga meza.