Herufi Zilizofutika

Mwezi mmoja baada ya kumzika kaka yake, Joselyne aliwasha kompyuta ya marehemu pale Kamembe ili aufute ule mchezo wa mtandaoni. Miaka kumi na mitano kaka aliucheza huku akiutukana: umezeeka, unakwama, wenyewe wameutelekeza.

Mchezo ukajifungua wenyewe, na shujaa wa kaka akatokea kwenye lango la mji uliobaki mahame. Rafiki wa kaka wa Bukavu, ng'ambo tu ya daraja, ambaye hawakuwahi kuonana naye ana kwa ana, aliandika papo hapo:

"Mzee, umerudi! Mwezi muzima niko nakungojea. Bote bameshahama. Kama haungekuja leo, na miye ningeacha."

Vidole vya kaka vilikuwa vimezifuta herufi zote kwenye kibodi. Joselyne alipapasa, akitafuta neno "amekufa".

Akaandika: "Nimesahau njia. Tangulia, nakufuata."