U Mzima?

Hakimu aliketi, akawasalimu watu kama kawaida yake. "Hamjambo? Wazima?"

"Wazima!" ukumbi wote ukaitikia.

Hatibu naye aliitikia, akiwa amesimamishwa kizimbani kama mwizi, na shati la hospitali lisilo na vifungo. Hilo lilikuwa ombi lake la tatu la kutolewa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Dada yake mkubwa, Zamoyoni, aliketi mbele, amepakata shati jeupe alilolipiga pasi ili mdogo wake arudi nalo nyumbani.

Hakimu akasoma ripoti ya daktari. "Kila asubuhi muuguzi humuuliza kama ni mzima, naye hujibu kuwa ni mzima. Hatambui kuwa anaumwa. Asiruhusiwe."

Zamoyoni akasimama. "Hiyo ni salamu, mheshimiwa! Miaka minne mmemfungia mdogo wangu kwa sababu anajua kuitikia salamu?"

"Mama, kaa chini."

"Sikai! Sisi sote tumekuitikia sasa hivi kwamba ni wazima. Tupangie wodi basi!"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Alichukua kalamu, akamgeukia Hatibu.

"Haya, niambie mwenyewe. U mzima?"

Hatibu akayapima majibu yote mawili. Akisema ndiyo, ripoti ingekuwa kweli. Akisema hapana, angerudishwa kwa kauli yake mwenyewe. Akamtazama dada yake. Zamoyoni alikuwa ameufinya mkono wa lile shati ndani ya ngumi, pasi yote imeharibika, na kalamu ya hakimu ilikuwa juu ya karatasi, ikingoja.