Mstari wa Wino

Salha alikuwa akichora kwa kipande cha sabuni pale mshono utakapopita juu ya ngozi nyeupe ya plastiki ya kufunikia kiti cha harusi, Shamte, mwenye karakana, alipomsukuma kando.

"Unatuchelewesha," alisema, akapiga mstari kwa peni.

"Bosi, wino hautoki kwenye nyeupe."

"Wewe shona!"

Akashona. Asubuhi yake bibi harusi mtarajiwa alikuja kuchukua kiti chake, akakuta rangi ya buluu imevuja kando ya mshono wote. Machozi yakamlengalenga.

"Samahani, dada," Shamte alisema upesi. "Ni huyu fundi. Nilimkataza peni, hasikii."

Masikio ya Salha yaliwaka moto. "Mimi?" Sauti ilimtoka kubwa hata wapita njia wakasimama. "Nitazame usoni, useme tena!"

Shamte aliangalia sakafu.

Basi Salha akaifungua cherehani yake mezani, mali yake mwenyewe, akajitwika, akatoka. Alipofika barabarani alisikia bibi harusi akimwita, "Fundi, ningoje!" na miguu ya kiti ikiburuzwa kwenye changarawe nyuma yake. Hakugeuka, ila alipunguza mwendo.