Shamba la Kulinganishia

Mwasiti hakuwa na mbolea, wala mbegu mpya, wala dawa ya viwavi, kwa kuwa Daktari Mbaruku wa chuoni alimkataza asitumie hata kimoja. Majirani walipewa vyote, yeye akanyimwa, ili utafiti uonyeshe tofauti. Misimu minne alivuna mahindi membamba kama vidole.

Leo Daktari alileta ripoti ili Mwasiti atie saini kabla haijachapishwa. Aliisoma yote.

"Umeandika nilikosa mavuno kwa uvivu."

"Ni lugha ya kitaalamu tu, mama. Wafadhili hawapendi kusikia tulikunyima."

"Kwa hiyo wapendezwe kwa kuchafuliwa jina langu?"

"Nani atakayekujua huko?"

"Nitajijua mimi, baba."

Mwasiti akaunyofoa ukurasa ule, akaandika kando ya jina la Daktari kwa herufi kubwa: NILIKATAZWA NA HUYU. Akautia katika bahasha, akaandika jina la mkuu wa chuo, akaiziba kwa ugali wa moto na kuigonga kwa ngumi.

Daktari alimfuata hadi posta akimbembeleza. Bahasha ikatumbukia sandukuni, Daktari akabaki amechomeka vidole kwenye tundu lake, watu wakimtazama.