Bei ya Tangazo Nyumbani kwa Mwanatumu

Siku tovuti ya kuwaonyesha watu maisha ya nyumbani kwao ilipofunguliwa, kama sheria inavyotaka kwa wanandoa wapya wote, Mwanatumu alikuwa hakaliki kwa furaha. Ukutani jikoni, mashine ya makadirio ilikuwa ikiwasikiliza ili itaje bei watakayotozwa wenye matangazo.

"Umeamkaje, mke wangu?" aliuliza mumewe, Shaweji. Bei haikusogea.

"Watazamaji wanataka ugomvi, bwana wee! Nigombeze!"

Shaweji akalalamikia tui la pakiti, akagonga meza, akatishia kususa chakula. Wapi! Mashine ile haikudanganywa na maigizo. Bei ilipanda kwa maneno yatokayo moyoni tu. Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Jaribu tena," Mwanatumu alimhimiza, macho yakimng'aa. "Sema lolote, mradi liume."

"Haya. Afadhali ningemwoa mdogo wako."

Bei ikaruka mara kumi. Shaweji akaruka nayo, akicheza jikoni na mwiko mkononi. "Tumetoka kimaisha, mke wangu! Tumetoka! Haya, zamu yako!"

Mwanatumu alikuwa ameshaanza kupiga kigelegele. Kikamkatikia kooni, macho yake yakiwa bado kwenye mashine.